Nyimbo, Siasa na Uhuru: Fikra za Sisi Tunaoitwa Wahafidhina

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei wa parokia za wilaya za Ngara na Biharamulo





Tumeombwa tuseme neno juu ya nyimbo, siasa na uhuru, na waliotuomba hawakutuficha sababu ya kutuchagua: sisi ni wahafidhina. Hatulikatai jina hilo. Sisi ni watu tuliofundisha shule za msingi na kuongoza kwaya katika wilaya hizi tangu miaka ya sabini. Tunapenda wimbo wenye mwanzo na mwisho. Tunapenda mwanamuziki aliyefunga vifungo vya shati lake. Marehemu Mbaraka Mwinshehe na marehemu Marijani Rajabu wanatutosha, na tukipita Nyakanazi usiku, pale yanapolala malori yaendayo Kigali na Bujumbura na kila baa ikiwa imefungulia spika zake, tunapandisha kioo cha gari hata kama joto ni kali. Tunayasema haya mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba tumekuja kuutetea muziki wa kizazi kipya. Tumekuja kuondoa sahihi yetu.

Mnafahamu kwamba ipo barua iliyoandaliwa kwenda kwa Mkuu wa Wilaya, ikiomba muziki huo upigwe marufuku katika harusi, minada na mikusanyiko yote ya vijana. Barua hiyo ina sahihi kumi na mbili. Sahihi ya kwanza ni yetu, na maneno yake mengi ni yetu pia. Yafaa basi tueleze ni kitu gani kilichotubadilisha.

Wakati wa kampeni za uchaguzi mmoja uliopita, kwaya ya kigango kimoja katika eneo letu iliombwa na kambi ya mgombea ikaimbe mkutanoni. Kigango hatutakitaja wala chama hatutakitaja, kwa kuwa wahusika wote tunakaa nao benchi moja. Kwaya ilipewa fedha za sare na za kutengenezea kinanda. Ulitungwa wimbo kwa mahadhi ya kikwetu, wimbo mzuri kwa kweli. Sisi wenyewe ndio tuliorekebisha sauti ya tatu. Ubeti wa mwisho ulimtania mgombea wa upande wa pili kwamba bibi yake alivuka mto Kagera akiwa na mtungi kichwani, na kwamba mtungi huo sasa utarudi ulikotoka. Watu walicheka. Sisi pia tulicheka. Ng'ambo ya uwanja vijana walikuwa wamefungulia wimbo wa mapenzi katika kibanda cha kuuzia vocha, nasi tukamtuma mtu akawaambie wazime, kwa heshima ya kwaya.

Wiki iliyofuata mama mmoja hakuja katika sala ya jumuiya ndogondogo. Wazazi wake walikimbia kutoka Rwanda kabla ya nchi yetu kupata Uhuru. Yeye amezaliwa hapa, amebatizwa hapa, na amewazika wazazi wake hapa. Tulipomwendea alitukaribisha, akatupa viti, akatuuliza jambo moja tu: "Na mtungi wangu mimi, wazee, utarudi lini?"

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Swali lake halikuwa la mzaha. Mwishoni mwa Julai 2013, Rais Kikwete, akiwa katika ziara ya mkoa wetu wa Kagera, alitoa muda wa siku kumi na nne kwa wahamiaji wasio na vibali waondoke, na Septemba mwaka huohuo ikaanza Operesheni Kimbunga. Serikali ina haki ya kujua ni nani aliyemo nchini, na ujambazi wa kutumia silaha katika misitu yetu ulikuwa wa kweli. Hata hivyo, kila aliyekuwepo aliona kwamba miongoni mwa waliofungasha magodoro walikuwamo watu walioishi kati yetu kwa miongo mingi, waliooa na kuolewa kwetu, na nyumba nyingine ziligawanyika, baba huku na mama kule. Kwa mtu aliyeyaona hayo, ubeti wa mtungi ulikuwa na maana ambayo sisi hatukuisikia.

Ndipo tukaanza kujiuliza: sisi tunaojisifu kwa masikio makali, iliwezekanaje tusikie viuno katika wimbo wa kibandani na tusisikie ubeti wetu wenyewe?

Tulifundishwa hivyo, na tulifundishwa kwa nia njema. Desemba 1962, alipolihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wetu walijua rumba, chachacha na dansi za Kizungu kuliko ngoma za babu zao. Alikuwa na haki ya kusikitika. Lakini jambo jema likikabidhiwa watu wenye fimbo hubadilika sura. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, na wasichana wakakimbizwa mitaani Dar es Salaam. Novemba 1969 muziki wa soul wa Wamarekani weusi ukapigwa marufuku katika jiji hilo. Sisi tulikuwa vijana wa shule wakati huo, tukashangilia. Tulijifunza mambo mawili ambayo hatukuyachunguza tena kwa miaka hamsini: kwamba wimbo mbaya ni ule wa kigeni usio na adabu, na kwamba dawa yake ni amri kutoka juu.

Somo hilo lilikutana na mto Kagera mwaka 1994.

Hatuna haja ya kuwasimulia watu wa Ngara habari za mwaka ule. Wengi wenu mlikuwa Rusumo tarehe 28 na 29 Aprili, walipovuka daraja watu wapatao 250,000 kwa muda wa siku moja hivi, wakaijaza Benaco. Mliona mapanga yaliyotupwa mpakani yakawa chungu. Mliona maiti zikishuka maporomoko, siku baada ya siku. Jambo tunalotaka kuwakumbusha ni jingine: Jumapili ya kwanza kambini, kwenye mvua, tulisikia watu wakiimba nyimbo za Kanisa kwa sauti nne bila kitabu, uimbaji ambao hatujapata kuusikia tena. Na kati ya waimbaji wale, kama ilivyokuja kujulikana, walikuwamo waliokimbia kuuawa na waliokimbia baada ya kuua. Sauti hazikutofautiana.

Katika Rwanda ya siku zile alikuwapo mwanamuziki aitwaye Simon Bikindi. Laiti angeletwa mbele ya kamati ya wazee kama sisi, tungempitisha bila kumwuliza swali. Alikuwa mtumishi wa wizara iliyoshughulikia vijana na michezo. Aliongoza kundi la Irindiro, lililocheza ngoma za asili kwa mavazi ya asili. Mahadhi yake yalikuwa ya kikwao, Kinyarwanda chake kilisifiwa, na nyimbo zake zilijaa historia, wakulima na umoja. Hakuna kiuno, hakuna tusi, hakuna lugha ya mitaani. Lakini umoja aliouimba ulikuwa wa Wahutu peke yao, na historia aliyoiimba ilipindwa ili jirani Mtutsi aonekane bwana wa zamani anayerudi kuwatawala. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilizipiga nyimbo hizo tena na tena wakati wa mauaji. Redio hiyo yenyewe ilipendwa na vijana kwa sababu ilichangamka, ilipiga muziki wa Kikongo, na watangazaji wake waliongea kama watu wa kijiweni. Mtu aliifungulia kwa ajili ya dansi, akapewa na orodha ya wa kuuawa.

Kwa sisi wa Ngara jambo hili lina uzito wa pekee. Kihangaza na Kishubi viko karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda. Nyimbo zile hatuhitaji mkalimani ili kuzielewa. Na tukizisikiliza leo, hilo ndilo linalotutisha, kwamba ni nzuri.

Bikindi alikamatwa Uholanzi mwaka 2001, akaletwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Rwanda. Hukumu ilitolewa tarehe 2 Desemba 2008, na ni hukumu inayofaa kutafakariwa na kila anayependa kuandika barua za marufuku. Majaji waliona kwamba nyimbo zake tatu zilipotosha historia ili kuwaunganisha Wahutu, na kwamba zilitumika mwaka 1994 kuchochea chuki. Hata hivyo hawakumtia hatiani kwa nyimbo hizo. Hawakuridhika kwamba alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji, wala kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyezipeleka redioni mwaka ule. Walimhukumu miaka kumi na mitano kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti kutoka kwenye gari, mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, akiwahimiza watu wawaue Watutsi. Rufani iliikubali hukumu hiyo mwaka 2010.

Tulipolisikia jambo hili mara ya kwanza tulikasirika. Tuliona majaji wamekamata mkia wakaacha nyoka. Sasa tunafikiri walifanya walichopaswa kufanya. Sheria inaweza kumshika anayesema "ueni", na lazima imshike. Wimbo unaomfanya jirani aonekane mgeni, hata siku ile panga likija liwe limekwisha tengenezewa njia, ni vigumu sheria kuushika bila kushika pamoja nao nyimbo nyingi zisizo na hatia. Sehemu hiyo kubwa, iliyo kati ya utani na panga, imeachwa mikononi mwa wanaoimba, wanaocheka na wanaorekebisha sauti ya tatu.

Na asije mtu akasema: basi serikali ipewe mkono mrefu zaidi. Tazameni kilichompata mwimbaji mwingine wa nchi hiyohiyo. Kizito Mihigo alizaliwa mwaka 1981 Kibeho, ambako wengi wetu tumekwenda kuhiji. Alikuwa Mkatoliki, mpiga kinanda, mtunzi wa nyimbo za liturujia tangu ujana wake. Baba yake aliuawa mwaka 1994. Alipokua aliimba nyimbo za msamaha, na serikali ikampenda, ikamwita katika sherehe za kitaifa. Kisha mwaka 2014 akatoa wimbo ulioomba kila aliyeuawa akumbukwe, hata wale waliouawa kwa kisasi, ambao hawatajwi katika kumbukumbu rasmi. Mwezi uleule wa maombolezo, Aprili, alikamatwa. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi kwa kosa la kula njama dhidi ya serikali. Alisamehewa Septemba 2018. Akakamatwa tena Februari 2020 karibu na mpaka wa Burundi, na tarehe 17 mwezi huo akakutwa amekufa katika mahabusu ya polisi Kigali. Polisi walisema alijiua. Mashirika ya haki za binadamu yalidai uchunguzi huru.

Wawekeni watu hawa wawili pamoja. Mmoja aliimba kwamba jirani si mwenzako, na wakubwa wa wakati wake wakampa jukwaa. Mwingine aliimba kwamba kila maiti ina mama, na wakubwa wa wakati wake wakamnyamazisha. Tunatafuta mtawala aliyewahi kufungia nyimbo kwa kipimo tunachokitaka sisi, yaani heshima ya binadamu, na hatumpati kwa urahisi. Mtawala hufungia wimbo unaomsema yeye.

Hapa kwetu hatujafika huko, tumshukuru Mungu, lakini tusijidanganye. Tunalo Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria namba 23 ya mwaka 1984, nalo limefungia nyimbo kadhaa. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa wimbo ulioonekana kuisema serikali, na wimbo wake ukafungiwa. Muda mfupi baadaye Rais Magufuli, ambaye wazee wa Biharamulo wanamkumbuka tangu alipokuwa mbunge wa Biharamulo Mashariki mwaka 1995, aliagiza mwanamuziki aachiwe na wimbo upigwe redioni. Wengi walifurahi, nasi tulimsifu kwa ukunjufu wake. Lakini fikirini kidogo: uhuru wa maoni umeandikwa katika ibara ya 18 ya Katiba. Kama unapatikana kwa sababu mkubwa ameupenda wimbo, basi siku asipoupenda unapatikana wapi? Jibu lilikuja upesi. Tarehe 5 Aprili mwaka uleule, msanii anayejiita Roma Mkatoliki alichukuliwa studioni Dar es Salaam pamoja na wenzake na watu wasiojulikana, wakaonekana baada ya siku tatu, wakieleza kwamba walipigwa. Wapo waamini walioudhika kwa sababu kijana yule ametumia jina la dini yetu katika muziki wa kufokafoka. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Tulisahau kuudhika kwa jambo lenyewe.

Mtatuuliza: basi ninyi bado ni wahafidhina wa namna gani? Ni wahafidhina walewale. Hatuamini kwamba uhuru ni kusema kila kinachokuja mdomoni. Tunaamini kwamba nyumba ina mlango, na kwamba baba na mama wana haki ya kusema wimbo huu haupigwi humu ndani. Tunaamini kwamba binti zetu wanatukanwa katika baadhi ya nyimbo hizi, na kwamba kijana anapaswa kuambiwa hivyo usoni, na mtu anayempenda. Na kuhusu spika zinazolia hadi alfajiri karibu na zahanati, hilo ni suala la kelele na la wagonjwa. Ziko sheria ndogo za halmashauri, tuzitumie, na wala hatuna haja ya kuuliza ni muziki gani. Kwaya ya mkesha inayotumia jenereta na vipaza sauti vinne nayo ipimwe kwa sheria hiyohiyo. (Tunajua kwamba sentensi hii haitapendwa.)

Tulichobadilisha ni mahali pa kusimama tukilinda. Tulikuwa tumesimama kwenye mlango wa vijana, tukipima urefu wa sketi, na nyuma yetu mlango wa sakristia ulikuwa wazi. Kumbukeni vita ya Kagera, 1978 na 1979. Tuliimba sana wakati ule, na tulimtukana Idi Amin matusi ambayo leo tusingeyarudia mbele ya watoto. Lakini tulifundishwa kwa makini, redioni na mikutanoni, kwamba adui ni Amin na utawala wake, na kwamba Mganda ni ndugu. Nyimbo zile zilikuwa na matusi zaidi ya ubeti wa mtungi. Hazikumgusa bibi ya mtu.

Tunapendekeza basi kwamba barua ile isipelekwe. Tunapendekeza pia kwamba kwaya zote za parokia na vigango zisipokee fedha wala sare kutoka kambi yoyote ya mgombea, iwe ya chama tawala au ya upinzani. Mwanakwaya akitaka kwenda mkutanoni kama raia, aende na shati lake mwenyewe. Na kabla wimbo wowote wa hadhara haujaimbwa kwa jina letu, mwenyekiti wa jumuiya ajiulize kama angeweza kuuimba akiwa ameketi nyumbani kwa yule anayeimbwa, mama yake akiwepo. Ikiwa kijana wa kibandani ataushinda mtihani huo na kwaya ikashindwa, tuwe na moyo wa kusema hivyo.

Kuhusu kwaya tuliyoitaja, uamuzi ulichukua mikutano mitatu. Wengine walisema fedha zimekwisha liwa na kwamba kurudisha ni kujitafutia maadui. Mwishowe nusu ilirudishwa kutokana na michango, na kwa nusu iliyobaki wanakwaya wamelima shamba la maharage. Mvua za msimu huu hazikuwa mbaya. Kinanda bado hakijatengenezwa, kwa hiyo wanaimba kwa ngoma na kayamba. Mama yule amerudi kanisani. Zamani alikaa mbele, upande wa kwaya. Siku hizi anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza huwa amekwisha toka.